"Inflammable": Hushika Moto au Haishiki?

Kama ulipata kusimama karibu na lori la petroli barabarani, au kuingia katika ghala yenye mapipa ya mafuta, bila shaka umeliona neno moja la Kiingereza lililoandikwa kwa herufi kubwa: "INFLAMMABLE". Neno hili limekuwa mbele ya macho yetu kwa miaka mingi. Limeandikwa kwenye madebe ya rangi, kwenye chupa za spiriti, kwenye mitungi ya gesi na kwenye mapipa ya petroli. Kusudi lake ni kutuonya. Lakini onyo humfaa yule tu alielewaye, na neno hili lina ajabu yake. Mtu aliyesoma Kiingereza kidogo aweza kulielewa kinyume kabisa, ilhali yule asiyesoma hata herufi moja hupita salama kwa kuitumia pua yake.

Haya sikuyasikia kwa watu. Yalinipata mimi mwenyewe, nami nayaeleza hapa ingawa si ya kujisifia, ili mwingine asije akayarudia.

Nilipokuwa kijana, nimetoka shuleni karibuni, niliajiriwa kuwa karani wa ghala katika chama kimoja cha wakulima. Kazi yangu ilikuwa kuandika katika daftari vitu vyote vilivyoingia na vilivyotoka: mbolea, mbegu, dawa za ng'ombe, magunia na mafuta ya trekta. Nilijiona msomi, na wakulima waliniita Bwana Karani, jambo ambalo halikupunguza majivuno yangu.

Siku moja alikuja mzee mmoja, umri wa baba yangu, akanunua pipa tupu. Alitaka kulipeleka kwa fundi wa kuchomelea likatwe katikati kwa urefu, lipate kuwa mahori mawili ya kunyweshea ndama. Ubavuni mwa pipa palikuwa na maandishi mekundu: "Highly Inflammable". Mzee hakujua Kiingereza. Akaniuliza, "Bwana Karani, maandishi haya yasemaje? Nisije nikapeleka kwa fundi kitu chenye matata."

Nikayatazama maandishi yale nikafanya hesabu yangu upesi. Shuleni tulifundishwa kwamba "in" mwanzoni mwa neno ni alama ya kukana. "Correct" ni sahihi, na "incorrect" ni kisicho sahihi. "Visible" ni kinachoonekana, na "invisible" ni kisichoonekana. Nami nilijua kwamba "flame" ni mwali wa moto. Basi, nikawaza, "inflammable" ni kitu kisichoweza kutoa mwali. Na kwa kuwa limetanguliwa na "highly", yaani sana, basi pipa hili halishiki moto hata kidogo. Nikamjibu kwa sauti ya mtu ajuaye, "Mzee, yasema kwamba pipa hili halishiki moto kabisa. Mpelekee fundi alikate bila wasiwasi."

Mzee akanishukuru, akalifunga pipa juu ya mkokoteni wa punda, akaenda zake.

Adhuhuri akarudi, na pipa lingali juu ya mkokoteni. Pamoja naye alikuja fundi mwenyewe. Fundi akaniamkia kwa adabu, kisha akasema, "Bwana Karani, ni wewe uliyesema pipa hili halishiki moto?"

"Ni mimi," nikajibu.

"Haya, tafadhali njoo unuse."

Akafungua kizibo. Harufu ya petroli ikanipiga puani hata nikarudi nyuma. Fundi akasema, "Mwanangu, mimi siwezi kuyasoma maandishi hayo. Lakini pipa hili limejaa."

"Limejaa nini?" nikauliza. "Ni tupu. Nimeliinua kwa mikono yangu."

"Limejaa mvuke wa petroli. Kama ningaligusisha moto wangu hapa, leo watu wangalikuwa wakichimba makaburi mawili, langu na la mzee huyu, maana alikuwa tayari kunishikia pipa."

Sikuwa na la kujibu. Jioni ile nilikwenda kwa mwalimu wangu wa zamani nikamwomba kamusi. Nikalitafuta neno, nikakuta maana yake: kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Nikaona haya kama mtu aliyekamatwa akiiba. Kesho yake nilimrudishia mzee fedha zake, akachukua pipa jingine lililokuwa la molasi. Hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu wakati wa kuagana: "Mwanangu, siku nyingine usipojua, sema hujui. Sisi tutanusa."

"IN" ZIKO MBILI

Tangu siku ile nimelichunguza neno hili, na nimeona kwamba kosa langu halikuwa la kijinga mtupu. Lilikuwa na njia yake. Nilitumia kanuni ya kweli mahali pasipo pake. Ndiyo maana yafaa kueleza jambo lenyewe tangu mizizi.

Katika Kiingereza kuna vipande vidogo vya maneno ambavyo hutangulia shina la neno na kuibadili maana yake. Sisi katika Kiswahili twaviita viambishi vya mwanzo. Kipande "in" ni kimojawapo, nacho kilitoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Lakini Warumi hawakuwa na "in" moja. Walikuwa na mbili, zenye sauti ile ile na asili mbalimbali.

"In" ya kwanza ni ya kukana. Hiyo ni ndugu ya "un" ya Kiingereza chenyewe, kama katika "unhappy" au "unpaid". Kutoka kwake twapata "incorrect", "invisible", "incomplete" na mengine mengi. "In" ya pili haikani lolote. Maana yake ni ndani, au kutia katika, au kukifanya kitu kiingie katika hali fulani. Kutoka kwake twapata "include", yaani kutia pamoja.

Warumi walikuwa na neno "flamma", maana yake mwali wa moto. Walipotaka kusema kutia mwali, yaani kuwasha, walitumia "in" ile ya pili wakasema "inflammare". Hapo ndipo lilipotoka "inflammable": kitu kinachoweza kuwashwa, kinachoingiwa na moto. Hakuna ukanaji wowote ndani yake. Wafaransa nao wanalo neno lile lile, "inflammable", kwa maana ile ile. Nao wakitaka kusema kwamba kitu hakishiki moto huongeza "in" nyingine mbele wakasema "ininflammable". Hapo "in" zote mbili zimesimama pamoja katika neno moja, kila moja na kazi yake.

Jambo jingine la kuongeza taabu ni kwamba "in" zote mbili hubadili sura kwa namna moja. Zikitangulia herufi b, m au p, huwa "im". Zikitangulia l, huwa "il". Zikitangulia r, huwa "ir". Kwa upande wa kukana twaona "impossible", yaani isiyowezekana. "Illegal", yaani iliyo kinyume cha sheria. Na "irregular", yaani isiyofuata utaratibu. Kwa upande wa kutia ndani twaona "import", yaani kuleta bidhaa nchini. "Imprison", yaani kutia gerezani. Na "illuminate", yaani kutia nuru.

Mkulima na alitazame hasa neno "irrigate". Asili yake ni "rigare", neno la Kilatini lenye maana ya kunywesha maji. "Irrigate" ni kuingiza maji shambani, yaani kunyunyizia au kupitishia mifereji. Mtu ashikaye kanuni moja tu ya shuleni aweza kudhani kwamba Bwana Shamba amemwambia asitie maji, na mpunga wake ukafa kwa kiu.

KISWAHILI NACHO KINA YAKE

Wako watakaocheka na kusema kwamba Kiingereza ni lugha ya fujo. Lakini tusiwe wepesi wa kucheka. Mgeni ajifunzaye Kiswahili huambiwa siku ya kwanza kwamba "ku" ni mwanzo wa jina la tendo: kulima, kulipa, kusoma. Kesho yake husikia "hakulipa", na hapo "ku" yaonyesha wakati uliopita katika kukana. Kesho kutwa husikia "nitakulipa", na hapo "ku" ni wewe mwenyewe utakayepokea fedha. Kisha huamshwa kwa "kumekucha", na hapo "ku" si tendo, si kukana, wala si wewe.

Sisi hatuoni taabu kwa kuwa tulinyonya lugha hii au tuliikuta sokoni tungali watoto. Mgeni ndiye aonaye taabu. Basi na Mwingereza ni vivyo hivyo. Yeye husema "inflammable" bila kufikiri, na sisi ndio tunaojikwaa. Lakini katika neno hili, kama tutakavyoona, hata wenye lugha walijikwaa.

WENYE LUGHA WALIFANYAJE?

Neno "inflammable" lina umri mkubwa katika Kiingereza, zaidi ya miaka mia nne. Neno fupi "flammable", lisilo na "in", lilikuja baadaye sana, mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa muda mrefu halikutumiwa na watu wengi. Yote mawili yana maana moja: hushika moto.

Katika miaka ya 1920, huko Marekani, chama kiitwacho National Fire Protection Association kiliona hatari. Chama hiki kilianzishwa mwaka 1896, na kazi yake ni kutafuta njia za kuzuia moto. Wakuu wake waliona kwamba mtu aweza kuisoma "in" kama alama ya kukana, akadhani kwamba kitu cha hatari ni salama. Kwa hiyo walihimiza watu waandike "flammable" badala ya "inflammable". Uingereza ilifuata baadaye. Mwaka 1959 shirika liitwalo British Standards Institution, lililo na kazi ya kuweka kanuni za vipimo na bidhaa, lilieleza kwamba shauri lake ni kuhimiza "flammable" kwa kitu kishikacho moto na "non-flammable" kwa kisichoshika, ili pasiwe na shaka yoyote.

Yafaa tulitafakari jambo hili. Watu waliozaliwa katika lugha hiyo, wenye kamusi na vyuo, walikubali kuacha neno lao la kale kwa sababu moja tu: lingeweza kumwua mtu aliyelisoma vibaya. Hawakusema, "Shauri yake, akajifunze." Walibadili maandishi.

Lakini neno la kale halikufa. Limo katika vitabu, na lingaliko kwenye mapipa, mitungi na malori ya mafuta. Kwa hiyo karani wa leo hana budi kuyajua yote mawili, na kujua pia kwamba kinyume chake ni "non-flammable" au "non-inflammable". Akiliona neno "non" mbele, ndipo aseme kwamba kitu hakishiki moto.

Neno hili lina jamaa zake pia. "Inflame" ni kuwasha, na hutumiwa hata kwa hasira. "Inflammatory speech" ni maneno ya uchochezi, yale yawashayo mioyo ya watu. "Inflammation" ni uvimbe wenye joto na wekundu mwilini. Bwana wa mifugo aandikapo kwamba ng'ombe wako ana "inflammation" ya kiwele, hasemi kwamba kiwele kimeshika moto, wala hasemi kwamba hakina neno. Asema kwamba kimevimba na kupata joto, nawe huna budi kufuata dawa aliyoiandika.

MITEGO MINGINE KWA MAKARANI

Kwa kuwa makarani wengi husoma ukurasa huu, nitataja maneno mengine machache yenye mtego wa namna hiyo hiyo.

"Inhabited" ni mahali penye wakaaji. Pasipo wakaaji huitwa "uninhabited". Karani akiandika kwamba kiwanja ni "inhabited" akidhani maana yake ni kitupu, ameandika kwamba kuna watu juu yake, na barua hiyo yaweza kuleta kesi.

"Indebted" ni mwenye deni, wala si aliyelipa. Mtu akikuandikia, "I am indebted to you," asema kwamba ana deni kwako, pengine la fedha, pengine la shukrani.

"Informed" ni mtu aliyepewa habari. Asiye na habari ni "uninformed".

"Invaluable" ni neno la ajabu zaidi, kwa maana hapa "in" ni ya kukana kweli, na hata hivyo si tusi. Kitu kilicho "invaluable" hakina bei kwa sababu thamani yake imepita hesabu. Mkuu wako akiandika kwamba msaada wako ulikuwa "invaluable", usikasirike. Amekusifu sana. Kisicho na thamani ni "worthless" au "valueless".

"Infamous" nalo lina kukana ndani yake, lakini si "asiyejulikana". Ni mtu anayejulikana, tena kwa ubaya. Usimwandikie mgeni rasmi kwamba ni "infamous" ukidhani wamwita mnyenyekevu.

Je, iko njia ya kuzitambua "in" hizi mbili? Iko njia moja inayosaidia. Tazama kama neno lenyewe huweza kutanguliwa na "un" au "non". "Uninhabited", "uninformed", "uninsured", "non-inflammable": maneno haya yaonyesha kwamba ile "in" ya ndani haikuwa ya kukana, maana kama ingalikuwa ya kukana, pasingalikuwa na haja ya kukana tena mbele yake. Lakini njia hii haitoshi kwa kila neno, na kila mtu hawezi kulijua umbo la pili. Mwamuzi wa mwisho ni kamusi. Katika ofisi yenye karani, kamusi ni chombo cha kazi kama vile jembe lilivyo shambani.

PIPA TUPU SI TUPU

Sasa turudi kwa fundi wangu, kwa maana alijua jambo ambalo hata kamusi haikunieleza.

Petroli yenyewe, ile unayoiona ikiwa maji, siyo iwakayo. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Na petroli hutoa mvuke hata katika baridi kali mno: inatosha kuwaka kwa cheche hata ikiwa chini ya nyuzi 40 za sentigredi chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna mkulima wa Kenya aliyepata kuiona. Mafuta ya taa ni tofauti. Hayo hayatoi mvuke wa kutosha mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi, na mafuta ya dizeli huhitaji zaidi ya nyuzi 50. Ndiyo sababu twaweza kuyatia mafuta ya taa katika kibatari yakapanda polepole kwa utambi. Na ndiyo sababu muuza duka achanganyaye petroli katika mafuta ya taa, hata kidogo tu, huwauzia watu mauti.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu kama moshi. Hutambaa chini, ukaingia mitaroni na mashimoni, ukasafiri mpaka kwenye jiko au sigara iliyo mbali, kisha moto ukarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye pipa. Na ili uwake hauna haja ya kuwa mwingi. Ukiwa sehemu moja na nusu hivi katika mia ya hewa, hutosha. Ukizidi sehemu saba au nane katika mia, hewa huwa haitoshi kuuwasha. Hapo ndipo ilipo siri ya pipa tupu. Pipa lililojaa petroli lina nafasi ndogo ya hewa. Pipa lililomwagwa likabaki na matone machache chini lina mvuke na hewa vimechanganyika tele, tena vimefungiwa ndani ya chuma. Likiguswa na moto hupasuka kama bomu.

Huko Marekani alikuwako mtu aitwaye Benjamin Lee Whorf, aliyezaliwa mwaka 1897 akafa mwaka 1941. Alisomea uhandisi wa kemia katika Massachusetts Institute of Technology, na tangu mwaka 1919 alikuwa mtumishi wa Hartford Fire Insurance Company, kampuni ya bima ya moto. Kazi yake ilikuwa kukagua mahali pa kazi na kutafuta sababu za moto. Alikuwa pia mpenzi wa lugha, akazichunguza lugha za wenyeji wa Amerika. Katika makala aliyoiandika mwaka 1939, ambayo ilichapishwa mwaka 1941, alieleza kwamba watu walikuwa waangalifu sana penye mapipa yaliyojaa petroli. Lakini penye mapipa yaliyoitwa matupu walivuta sigara na kutupa vipande vyake ovyo, ingawa hayo matupu ndiyo yenye hatari zaidi. Neno "tupu" liliwafanya wafikiri kwamba hakuna kitu.

Niliposoma habari hiyo miaka mingi baadaye, nilijiona mimi mwenyewe. Pipa langu lilikuwa na makosa mawili ya maneno kwa pamoja. Mimi nilisema "halishiki moto" nikakosea neno la Kiingereza. Tena nilisema "ni tupu" nikakosea kwa Kiswahili.

Moto wa petroli si hadithi kwetu Afrika ya Mashariki. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakusanyika kuteka petroli, moto ukalipuka, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019 msiba wa namna ile ile ulitokea mjini Morogoro, nchini Tanzania, na watu wapatao mia moja wakapoteza maisha. Sisemi kwamba watu hao walikosea kusoma neno. Wengi walijua kwamba petroli huwaka. Lakini kujua kwamba petroli huwaka si sawa na kujua jinsi iwakavyo. Mtu aliyesimama mbali kidogo na lori, akijiona salama kwa kuwa miguu yake haijalowa, amekwisha kuzungukwa na mvuke asiouona.

ALAMA YA MWALI

Kwa bahati njema, siku hizi maandishi si ulinzi pekee. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulitoa utaratibu wa alama za kemikali ili mataifa yote yatumie alama moja. Katika utaratibu huo, kitu kinachoshika moto huwekewa picha ya mwali mweusi juu ya nyeupe, ndani ya umbo la pembe nne lililosimama kwa pembe moja, lenye mpaka mwekundu. Chini yake huweza kuandikwa neno "Danger" kwa hatari kubwa, au "Warning" kwa hatari iliyo ndogo kuliko hiyo. Picha haina "in" wala "un". Mzee wangu wa mahori angaliielewa bila kumwuliza karani yeyote.

Basi nina mashauri machache, nayo ni haya. Karani wa ghala, uyaonapo maneno "flammable" au "inflammable", yahesabu kuwa neno moja, kisha andika kwa Kiswahili mahali paonekanapo na wote: HATARI, HUSHIKA MOTO UPESI. Usingoje mtu akuulize. Weka vitu hivyo mbali na mbolea, magunia na jiko la chai, mahali penye hewa ipitayo chini na juu.

Mkulima, usinunue pipa lililokuwa la petroli ukalipeleka likatwe, wala usilikate mwenyewe kwa patasi na nyundo, kwa maana cheche moja yatosha. Kulisuuza kwa maji mara moja hakuondoi mvuke wote. Tafuta pipa lililokuwa la kitu kisichoshika moto, au nunua hori lililotengenezwa tayari. Ndama hawajui tofauti, lakini watoto wako watajua kama hukurudi nyumbani.

Na sisi sote tuliosoma kidogo, tukumbuke kwamba elimu kidogo ni kama panga lililonolewa upande mmoja: hukata vizuri, lakini yatupasa kujua tumeshika upande gani. Wazee walisema kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mbele ya mzee aliyeniamini, na kama si pua ya fundi, kosa la herufi mbili lingaliua watu wawili.

Kuuliza si ujinga. Mwenye kamusi na afungue kamusi, na asiye nayo aseme, "Sijui, ngoja niulize." Maneno hayo matatu hayajapata kumpunguzia karani yeyote heshima yake.